Jenereta Haipimwi kwa Kilo

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika kwangu asubuhi na mizani ya kuning'iniza begani. Hakuitwa, watu hawa hawaitwi, wananusa. Akaizunguka jenereta mara mbili, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akasema, "Mzee, hii haipungui kilo mia tano. Nakuhesabia hela sasa hivi, kijana wangu analeta gesi anaikata hapahapa." Yeye sikumshangaa, ndiyo kazi yake. Aliyenishangaza ni shemeji yangu, aliyekuwa kibarazani na kikombe chake cha chai. "Shemeji, muuzie tu. Hilo dubwana la jeshi litakumaliza. Umeme upo, sola zipo, unahangaika na nini?"

Kauli hiyo naisikia Karatu nzima. Naisikia kwenye maduka ya spea, stendi, na hata nje ya kanisa watu wakiagana. Imeshakuwa kama aya ya imani: jenereta kuukuu ni chuma kinachokula dizeli, ukitaka ya akiba nunua ndogo mpya ya dukani, na mwenye kukarabati ya zamani ama hana hela ama ana kichaa cha vyuma. Hela kweli sina nyingi. Hilo la kichaa ndilo nitakalolijibu.

Niitambulishe kwanza mshtakiwa. Kibao chake cha chuma kinasema MEP-803A. Iliundwa kwa ajili ya jeshi la Marekani, kilowati 10, ikastaafishwa, ikauzwa, ikapita mikono ambayo sikuiona, hadi ikaishia uani kwa mkandarasi mmoja aliyeshindwa kuiwasha. Ukikwangua rangi ya njano aliyoipaka unakuta rangi ya mchanga, ukikwangua tena unakuta kijani. Ajabu iko ndani. Injini yenyewe ya silinda nne ni Lister-Petter, Mwingereza, jina lililotoka kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Dursley. Wazee wa huku jina Lister hawahitaji kutafsiriwa. Zile za mwendo wa polepole, mizunguko 650 kwa dakika, zilizotoka kiwandani kuanzia miaka ya 1930, ndizo zilizosaga mahindi vijijini kwa miongo, na mlio wake ulikuwa saa ya kijiji: ikinyamaza, unajua mwenye mashine amekwenda kula. Kwa hiyo dubwana la jeshi limekuja huku likiwa na moyo wa mashine ya kusaga. Fundi anayefungua injini za pampu za vitunguu kule Mang'ola akifunua hii haulizi maswali mengi.

Sasa tuje kwenye hoja yao ya umri. Wanasema mashine ya zamani imechoka. Wenye kusoma wananitolea mfano wa Mradi wa Karanga wa Kongwa, na ni mfano mzuri kweli, kwa sababu uliendeshwa kwa vifaa vya ziada vya vita. Mwaka 1947 Waingereza walitaka kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika. Matrekta mapya hayakupatikana, wakakusanya ya jeshi yaliyobaki Ufilipino baada ya Vita Kuu ya Pili. Baadaye wakachukua hata vifaru vya Sherman, wakavivua mizinga na kuvigeuza matrekta. Kabla mwaka huo haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. "Si unaona?" wananiambia. "Vitu vya jeshi hivyo."

Naona, lakini naona kitu kingine. Kongwa matrekta yalitangulia, karakana ikafuata kwa kuchechemea. Mashine zilifika bila spea za kutosha, zikakabidhiwa madereva waliofundishwa harakaharaka, zikapelekwa kung'oa visiki vya mbuga ile vinavyokunja chuma. Hata trekta lililotoka kiwandani jana lingelala. Aliyeua matrekta ya Kongwa ni mtu aliyenunua mashine kwa maelfu ya pauni akasahau kununua benchi, jiliwa na seti ya spana. Na mtu huyo bado yupo. Leo ananunua jenereta mpya ya dukani, anaitumia mwaka mzima kwa oili ileile iliyokuja nayo, inanoki, analalamika kwamba vitu vya siku hizi ni feki. Vingine ni feki kweli, sikatai. Lakini oili haikuwa feki, ilikuwa nyeusi tu.

Nilijifunza kazi hii kwenye chumba cha jenereta cha hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, enzi ambazo hoteli za kule juu ziliishi kwa dizeli. Jioni tunawasha, usiku wa manane tunazima, mgeni anabaki na tochi yake na baridi yake. Kule ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake, na ukiipa mzigo ulioandikwa kwenye kibao inatapika moshi mweusi kama tanuri la mkaa. Wageni walidhani mashine imezeeka. Bosi naye alidhani imezeeka. Mzee aliyenifundisha alipunguza mzigo, akazima hita za maji mbili, moshi ukaisha. Akaniambia, "Mwanangu, hii haijazeeka. Imepanda mlima." Mpaka leo mtu akiniletea habari ya moshi, swali langu la kwanza ni amefunga nini, si mashine ya mwaka gani.

Basi hata hii yangu niliipigia hesabu kabla sijaigusa. Kwao Marekani umeme ni hezi 60, na mashine inazunguka mara 1,800 kwa dakika. Sisi tunatumia hezi 50, kwa hiyo niliirudisha hadi 1,500 na nguvu ikapungua sehemu moja ya sita palepale. Volti nazo niliziteremsha, maana ukishusha mwendo ukaziacha juu, chuma cha oltaneta kinachemka. Ukiongeza na mwinuko wa Karatu, kama mita 1,500, zile kilowati 10 za kwenye kibao mimi nazihesabu 7, na nalala usingizi. Hesabu hii aliyenunua kwa macho haifanyi. Ndiyo maana nacheka pia na kundi la upande wa pili, wapenzi wa vitu vya jeshi, wanaoapa kwamba cha jeshi hakifi. Namjua mtu aliyenunua jenereta ya jeshi yenye rangi safi na injini tamu, akaja kugundua inatoa hezi 400. Hizo ni za kulishia ndege na mitambo ya jeshi. Friji na pampu ya kisima hazikuundwa kwa umeme huo. Kibao kilikuwa pale kimeandikwa wazi. Alikuwa anaangalia rangi.

Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Kwenye oltaneta tulikuta kiota cha panya na vumbi letu jekundu lililoganda kama ugali wa jana. Tukapiga mega kupima usalama wa waya, kipimo kikashuka vibaya. Fundi wa kwanza akasema oltaneta imekufa, iende kusukwa upya, na akataja bei iliyonifanya nikae chini. Ilikuwa Julai, mwezi ambao Karatu ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na nguo hazikauki kambani. Nikajiuliza kama waya nazo haziwezi kuwa nguo tu. Tukaisafisha kwa brashi na hewa, tukaingiza balbu nne za kizamani, zile zinazotoa joto kuliko mwanga, tukaifunika turubai. Siku tatu. Nilikuwa naamka usiku kuchungulia kama naangalia mayai ya kuku. Siku ya nne tukapiga mega tena, mshale ukapanda na ukakaa huko. Gharama: umeme wa balbu nne. Wa Tanesco, nakiri.

Tangi lilitoa tope la kutosha kupaka ukuta, maana dizeli iliyokaa miaka inaingia maji na kuotesha utelezi. Nozeli nikazipeleka Arusha, Unga Limited, kwa kijana mwenye mashine ya kuzijaribia. Mbili zilipuliza ukungu mzuri, mbili zilikuwa zinakojoa. Ukishaona kwa macho yako nozeli inakojoa, hutauliza tena kwa nini injini ilikuwa inatoa moshi mweupe na kutetemeka. Biringi ya pampu ya maji ilikuwa inalia, ila biringi ina namba, na namba hiyo ni ileile Karatu, Mumbai na Chicago. Gasketi mbili tulikata kwa mkono kwenye karatasi yake, tukigongagonga kingo kwa nyundo ndogo kama fundi viatu.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, na shemeji asiikwepe. Mashine hii ikiharibika, kila kiungo chake kuna mtu kati ya Mang'ola na Arusha anayeweza kukifungua, kukitazama na kusema kina nini. Pampu yake ya dizeli ni chuma kinachosukuma chuma. Haina kompyuta inayotaka kuunganishwa na laptopu ya wakala. Kibadilisha umeme cha sola ya jirani yangu kilipozima, jirani alitembea nacho wiki mbili, kila fundi anakifungua, anaona bodi ya kijani, anakifunga. Mwishowe akanunua kingine. Paneli zake hazina neno, zitamzika. Sola ni kitu kizuri, na mimi mwenyewe taa zangu ni za sola. Anayenigombanisha na jua ananionea. Ninachokataa ni ile imani kwamba kipya ndicho salama. Kipya kisichofunguka ni salama mpaka siku kitakapozima.

Wanakuja na dizeli, na hapa nawapa haki yao yote, maana ni hoja yenye meno. Lita moja, mashine ikiwa na mzigo wa maana, inanipa uniti kama tatu. Kwa bei za miaka hii, zile Ewura inazozitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, uniti moja inakaribia shilingi elfu. Ya Tanesco haifiki nusu ya hapo. Mtu anayeendesha nyumba yake kwa dizeli kila siku huku waya wa Tanesco umepita mlangoni, huyo kweli atamalizika. Lakini ni nani aliyesema niendeshe kila siku? Kisima cha akiba hukichoti kila asubuhi. Naiwasha Jumamosi kwa saa moja, na siku umeme ukikatika muda mrefu. Kwa saa chache hizo za mwaka, bei ya lita si kitu kikubwa. Kikubwa ni kama itawaka.

Na siku za kukatika zipo, tusidanganyane. Mgao wa 2023 hatujausahau. Septemba ya mwaka ule Rais alimpa mkuu mpya wa Tanesco miezi sita aumalize. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limebadilisha mengi, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi. Ila liko Rufiji. Sisi tuko kwenye ncha ya waya. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alieleza kwa nini serikali inataka kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini: unaosafirishwa kutoka mbali hupotea njiani. Huko ni kuuona umbali. Nami nauona umbali huohuo, kutoka upande wa jokofu langu.

Kuna mahali sitaitetea mashine hii. Ndani ya hifadhi, ukingoni mwa kreta, kama mwenye hoteli ana uwezo wa sola na betri nzuri, azime dizeli. Nimekaa kwenye kile chumba. Najua oili inayomwagika inakwenda wapi mvua ikinyesha, na najua mlio ule unafika mbali kiasi gani usiku.

Ninachoshangaa ni kwamba wanaoipinga jenereta kuukuu hawaitaji hatari yake ya kweli hata mara moja. Wanapigia kelele umri wa chuma, wanapita juu ya mauti. Nimeona nyumba hapa hapa mjini ambako jenereta mpya kabisa, bado ina stika, imeunganishwa na nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili, imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Hakuna swichi ya kubadilishia. Anachotegemea mwenye nyumba ni kukumbuka kuzima swichi kubwa. Siku akisahau, umeme wake unatoka nje, unaingia kwenye transfoma kinyumenyume, na ile 230 inapanda nguzoni kuwa 11,000 au 33,000. Juu ya nguzo yuko kijana wa watu, ameambiwa laini imezimwa. Swichi ya kubadilishia ndiyo kifaa cha kwanza nilichonunua, kabla ya nozeli na kabla ya oili. Na ekzosi nimeitoa nje, juu ya paa, mbali na dirisha, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka mle haina harufu ya kukuamsha. Jenereta ya mwaka huu na ya miaka thelathini zinaua sawasawa kwenye chumba kilichofungwa.

Kwenye paneli ya hii ya kwangu kuna swichi moja yenye kifuniko chekundu. Wanajeshi wanaiita ya vita. Ukiiweka, mashine inapuuza kinga zake karibu zote: oili ikikauka, maji yakichemka, itaendelea kuzunguka mpaka ife, isipokuwa kwa shoti au mwendo kupita kiasi. Mantiki yake naielewa. Katikati ya mapigano ni heri upoteze injini kuliko upoteze redio. Niliifunga kwa waya siku ya kwanza ili mtoto asiiguse. Halafu nikaanza kuhesabu jenereta za mjini ambazo mafundi wamekata waya wa kinga ya oili kwa sababu "inasumbua, inazimazima". Inazima kwa sababu oili haipo, ndugu yangu! Zote hizo ziko vitani kila siku, na hakuna adui isipokuwa mwenye nazo.

Kosa la upande mwingine ni huruma ya kijinga. Watu wanadhani kuipa injini ya dizeli mzigo mdogo ni kuitunza. Wanawasha kilowati 10 kwa ajili ya taa nne na televisheni. Injini haipati joto, dizeli haiungui yote, na baada ya muda ekzosi inaanza kudondosha maji meusi yanayonata kama lami. Wakiona hivyo wanasema, "Umeona? Ringi zimekwisha." Hazijakwisha. Ile saa yangu ya Jumamosi naifungia hita ya maji, pasi na jiko la umeme kwa pamoja, na mke wangu amepanga ufuaji na upigaji pasi wa nyumba nzima uangukie hapo. Mwezi wa kwanza ekzosi ilikohoa masizi, ikapaka kanzu ya jirani iliyokuwa kambani. Nilikwenda kuomba radhi na kilo mbili za sukari. Tangu hapo moshi wake huuoni.

Jeshi lililoiunda lilijua kwamba atakayeitunza ni kijana wa miaka kumi na tisa asiyependa kusoma vitabu. Mwaka 1951 lilianzisha jarida la kila mwezi la matunzo ya vifaa, likamwajiri mchoraji katuni mashuhuri, Will Eisner, akachora kwa miaka ishirini namna ya kubadilisha filta na kukaza nati. Sisi katuni tunazo, na wachoraji tunao wa kuchekesha hadi machozi. Sijaona hata moja ya dipstiki. Kitu kimoja nilichoiga kwao ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na sidhani walikuwa wanawaza jenereta, lakini daftari langu la shule la kurasa 96 linaning'inia kwa kamba kwenye mlango wa banda, na kila anayeiwasha anaandika: tarehe, saa, mzigo, oili, kilichosikika.

Shemeji alikuja tena wiki mbili baadaye, Jumamosi, akakuta inaunguruma. Hakusema kitu juu ya kuuza. Alivuta daftari akasoma, akapandisha miwani yake kwenye paji la uso, akaniuliza mbona mstari wa juzi umeandikwa "mlio upande wa pampu ya maji" na hakuna aliyeandika umefanyiwa nini. Nikamwambia biringi ile tuliyoweka ni ya bei rahisi, nasubiri nyingine kutoka Arusha. Akachukua kalamu, akaandika chini yake: "Bado."